Kaseti mbili za arusi moja: kisa cha kutafuta deki ya kusomea kanda za zamani, Bukavu

Dada mmoja wa mtaa wa Nguba alikuja kwangu katikati ya msimu wa mvua na mfuko wenye kaseti sita za video. Mbili zilikuwa za arusi moja, ya wazazi wake, iliyofanyika hapa Bukavu Agosti 1990. Ya kwanza ilikuwa ndani ya jalada gumu, safi, lebo imepigwa taipu. Ya pili haikuwa na jalada, lebo yake ilikuwa imeliwa na mende, na ukichungulia kwenye kidirisha unaona unga mweupe umeshika ukingo wa kanda.

"Papa fundi, hii chafu ilishakufa," akaniambia. "Tuliiweka kwenye video ya jirani, ikatoa picha nyeusi na nyeupe. Wewe fanya hii nzuri, pamoja na hizi zingine. Mwezi wa saba shangazi anakuja kutoka Uvira, na anachotaka yeye ni hotuba ya babu tu."

Nikamwambia hakuna shida, Mama, nipe wiki moja. Nilichukua miezi miwili.

Ile kaseti nzuri ilicheza vizuri tangu mwanzo. Rangi zipo, picha imetulia, kanisa, msafara wa magari, meza ya keki. Ilipofika kwenye karamu, mzee anasimama, mkono mmoja kwenye fimbo, mdomo unaanza kucheza, na kinachotoka kwenye spika ni gita la rumba. Dakika kumi na moja nzima. Aliyetengeneza ile nakala alimwaga muziki juu ya sherehe yote, kuanzia mlango wa kanisa hadi watu wanapoaga. Kiapo hakisikiki, vigelegele havisikiki, na babu mzaa mama anahutubia kama samaki ndani ya maji.

Nikampigia simu yule dada. Ndipo akakumbuka kwamba mjomba wake aliichukua kaseti ya asili mwaka 1993, akaenda nayo Bruxelles, akaitengenezea nakala "ya kisasa" kwenye studio. Hiyo safi ndiyo nakala. Ile iliyoliwa na mende ndiyo iliyokuwa ndani ya kamera siku ya arusi.

Kwa hiyo swali likageuka. Kabla ya hapo lilikuwa: nina deki nzuri, niingize kaseti gani? Sasa likawa: nina kaseti hii, deki gani itaisoma? Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila mwezi watu huniuliza deki iliyo bora ni ipi, nami kwa miaka nimekuwa nikiwajibu haraka mno, bila kuuliza kaseti ni ya aina gani.

Jibu nililokuwa nalo mdomoni

Hapa kwetu mashine hiyo tuliizoea kwa jina la video tu, au manyetoskopu kwa waliosoma. Mimi nitasema deki, kama jirani zetu wa mashariki. Kampuni ya JVC ilileta VHS, mfumo wa kaseti hizi, sokoni Japani mwaka 1976, na Funai, kiwanda cha mwisho kuzitengeneza, kilisimama Julai 2016. Maana yake leo hakuna deki mpya. Unachonunua, hata kama kimefungwa kwenye karatasi inayong'aa, ni okazyo: kitu chenye umri, chenye mipira iliyokauka na grisi iliyoganda. Anayechagua deki anachagua hali ya mashine kwanza, jina lake baadaye.

Wanaopenda kazi hii duniani kote wana jibu moja wanalolirudia: tafuta deki ya S-VHS (VHS yenye picha kali zaidi) ya miaka ya 1990, ya daraja la juu, yenye TBC ndani, yaani kirekebishi cha muda wa mistari ya picha. Ni jibu zuri. Kanda ya zamani hunyooka na kusinyaa, na ngoma yenye vichwa vya kusomea kanda haizunguki kwa mwendo mmoja kamili, hivyo kila mstari wa picha hufika mapema kidogo au umechelewa kidogo. Machoni unaona nguzo za kanisa zinayumba kama matete ya kando ya ziwa. TBC hupokea mistari hiyo, huishika kwa muda mfupi, kisha huitoa kwa mpangilio sawa. Nguzo zinasimama. Ukiisha kuona tofauti hiyo mara moja, hutaki kurudi nyuma.

Mimi ninayo deki ya aina hiyo, ya Kijapani, niliyoinunua kwa dola 90 baada ya kuitafuta mwaka mzima. Ndiyo iliyosoma ile nakala ya Bruxelles kwa raha. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba imemaliza matatizo yangu yote ya kaseti.

Neno moja kuhusu idadi ya vichwa, kwa sababu wauzaji wanaipenda sana. Deki ya vichwa sita haina nguvu mara tatu ya ile ya viwili. Kwa kawaida viwili ni vya mwendo wa kawaida, viwili vya mwendo wa polepole, na viwili vya sauti ya Hi-Fi. Kaseti ya arusi iliyorikodiwa kwa mwendo wa kawaida na sauti ya mono haivitumii vinne kati ya hivyo sita.

Kuvu kwanza

Sikuiingiza kaseti chafu kwenye deki ya dola 90. Hilo angalau nilifanya sawa. Unga ule mweupe ni kuvu, na Bukavu ni mji wake: mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, ziwa mlangoni, mvua kuanzia Septemba hadi Mei. Kaseti iliyokaa kabatini karibu na ukuta wa nje inavuta unyevu mwaka hadi mwaka. Ukiicheza ikiwa hivyo, kuvu inapaka vichwa, na vichwa vinaipaka kaseti ya mteja anayefuata.

Niliiweka siku nne ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, ambavyo nimevikusanya mkebe mzima. Kisha nikaipeleka barazani, nikafunga pua na mdomo kwa kitambaa, nikaizungusha kwa deki mbovu isiyo na kazi nyingine, mfuniko wake umetolewa, huku kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi kikigusa kanda pande zote mbili. Nikaipeleka mbele hadi mwisho, nikairudisha, mara tatu. Kwenye kitambaa ilibaki michirizi ya kijivu.

Kijivu

Sasa ikaingia kwenye deki nzuri. Picha ikatoka imetulia kabisa, haina chenga, haipandi wala haishuki. Sauti ipo. Nikasikia kengele ya kanisa, nikasikia mtoto analia, nikasikia mtu anamwambia mwenzake kwa Kimashi asogee. Ila kila kitu kilikuwa kijivu, kama jirani yao alivyoona.

Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na kusema kanda imekufa. Lakini kanda iliyokufa haionekani hivyo. Sumaku ikichoka au uso wa kanda ukichakaa, picha nzima inaumia: unaona chenga, mistari myeupe inayokatiza, sura za watu zinapotea. Hapa sura zilikuwa safi kuliko kwenye nakala. Kwenye nakala shela la bibi arusi lilikuwa doa jeupe. Kwenye ya asili ungeweza kufuata maua yaliyofumwa ukingoni. VHS ina mistari kama 240 tu ya kuonyesha undani wa picha, na kila unaponakili kutoka kanda hadi kanda unapoteza sehemu. Kwa hiyo picha ilikuwa hai. Rangi tu ndiyo iliyokosekana, na nilijua ilikuwapo, kwa sababu studio ya Bruxelles iliipata mwaka 1993.

Nilishuku kwanza kifaa changu cha kunasa picha, kile kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kilikuwa kimewekwa PAL, mmoja wa mifumo ya rangi ya televisheni; SECAM ni mwingine. Ukikiletea SECAM kikiwa kwenye PAL, kitakupa kijivu safi kabisa, na nimeshaona fundi mwenzangu akibadilisha deki mbili kabla ya kugundua kwamba kosa lilikuwa kwenye menyu ya programu. Nikabadilisha, nikaweka SECAM. Kijivu kilekile.

Basi nikarudi kwenye asili ya kaseti. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ilifuata SECAM, mfumo wa rangi wa Ufaransa. Ubelgiji, waliotutawala, wao ni PAL. Kenya, Uganda na Tanzania ni PAL. Kwa hiyo nyumba za Bukavu za wakati ule zilikuwa na mchanganyiko: aliyerudi kutoka Bruxelles alileta PAL, aliyerudi kutoka Paris alileta SECAM, mfanyabiashara wa Nairobi alileta PAL, na wa Dubai alileta mashine iliyosema inasoma vyote. Nikamwomba yule dada amuulize shangazi, kwa simu, nani alipiga ile video. Jibu likaja siku hiyohiyo: ni kijana wa familia aliyekuwa amerudi likizo kutoka Paris na kamera yake mpya begani, na kila mtu alimwonea wivu.

SECAM, basi. Lakini deki yangu nyuma imeandikwa PAL, MESECAM, NTSC (huo wa mwisho ni mfumo wa Marekani). Kwa miaka nilikuwa nikisoma hilo neno la katikati kama SECAM lenye herufi mbili za mapambo.

Hazikuwa mapambo. Kanda ya VHS haiwezi kubeba rangi kwenye masafa yake ya asili, ya juu ya MHz 4; ni ya juu mno kwake. Lazima rangi ishushwe wakati wa kurikodi na kupandishwa wakati wa kucheza. Deki za PAL huishusha kwa kuichanganya na masafa mengine, ikatua karibu kHz 627. MESECAM, iliyotumika Mashariki ya Kati na Ulaya ya mashariki, ni SECAM iliyoshushwa kwa njia hiyohiyo ya PAL, kwa sababu ilikuwa rahisi kwa kiwanda kutumia mashine moja. Wafaransa walifanya tofauti: wakayagawanya masafa ya rangi kwa nne. Rangi yao inatua karibu MHz 1.1 kwenye kanda, na deki ya kuicheza inazidisha kwa nne kuirudisha. Deki yangu nzuri ilikuwa ikiitafuta rangi kwenye ghorofa ya chini wakati yenyewe imekaa ghorofa ya juu. Isipoikuta, inazima rangi na kukupa kijivu kisafi.

TBC, S-VHS, vichwa sita, dola 90: hakuna kimoja kati ya hivyo kinachosaidia hapo.

Kadutu, kisha Muhumba

Nilishuka soko la Kadutu na kaseti yangu ya kujaribia, filamu ya zamani ambayo hata ikiliwa hakuna atakayelia. Kaseti ya mteja haiendi sokoni, hilo liwe wazi. Fundi mmoja anayeuza vya okazyo alikuwa na deki nne zimepangana chini ya meza ya redio.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, lakini kibati cha nyuma kilisema volti 120. Ni ya Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 220 yetu unapata moshi. Ya pili iliikaba kaseti na kukataa kuitoa. Ya tatu ilicheza, lakini nilipoirudisha kaseti yangu na kuichungulia, ukingo wa chini wa kanda ulikuwa umekunjika kama pindo la sketi. Rola ya mpira imeisha au njia ya kanda imepinda, na mashine hiyo itaharibu kila kitakachopita ndani yake. Picha yake, nikumbushe, ilikuwa nzuri sana. Kuangalia picha peke yake hakutoshi. Itoe kaseti, ifungue mlango wake mdogo, uiangalie kanda yenyewe kwenye mwanga.

Ya nne ilikuwa na stika mbele: SECAM, herufi kubwa.

"Mukubwa, si unatafuta SECAM? Hii hapa!" Alitaka dola 25.

Nikaigeuza. Kibati cha nyuma kilisema MESECAM. Stika ya mbele ilibandikwa na muuzaji wa zamani, pengine kwa nia njema. Nilimweleza fundi tofauti, akanitazama kama mtu anayepunguziwa bei kwa ujanja, nikaona bora niache. Nilichonunua kwake ni deki mbovu kabisa kwa dola 5, kwa ajili ya mipira na rola yake.

Niliyoitaka ilipatikana siku tisa baadaye, bila mimi kuitafuta. Mwalimu mstaafu wa Muhumba aliniita kurekebisha redio yake, na televisheni yake ilikuwa imekalia boksi jeusi lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Nikaomba ruhusa kufunua. Nyuma kulikuwa na soketi pana ya Peritel, ile ya Kifaransa ya picha na sauti, na kibati kimeandikwa PAL na SECAM L, yaani SECAM ya Ufaransa yenyewe. Aliinunua Lyon mwaka 1992, akaitumia miaka kadhaa, halafu ikawa stuli.

"Siuzi," akasema Mzee kabla sijafungua mdomo. "Lakini ukiitengeneza ikacheza, kaa nayo siku kumi. Ukiirudisha inacheza, hatudaiani."

Deki yenyewe ilikuwa ya kawaida. Vichwa vinne, mono, hakuna S-VHS, hakuna TBC. Mahali pengine popote ningeipita bila kuitazama.

Iliwaka, ikaimeza kaseti ya majaribio, ikashindwa kuizungusha. Ugonjwa wa deki zote zilizolala: gurudumu dogo la mpira linalosukuma vijiti vya kaseti lilikuwa gumu kama kifungo cha shati, linateleza. Rola inayoikandamiza kanda kwenye mhimili ilikuwa inang'aa. Rola nzuri haing'ai. Grisi kwenye reli za kupandisha kanda imegeuka nta. Nilitumia mipira ya ile deki ya dola 5, nikaondoa grisi ya zamani kwa alkoholi ya isopropili, nikapaka mpya kidogo sana. Vichwa nilivisafisha kwa karatasi laini iliyolowa alkoholi: karatasi unaishika imetulia kwenye ngoma, na mkono mwingine unazungusha ngoma polepole kutoka juu. Usisugue juu na chini hata siku moja. Kichwa ni kama ukucha wa sisimizi. Ukikigonga kwa namna hiyo kinakatika, na ngoma hiyo huipati tena.

Nilicheza filamu ya majaribio saa tatu mfululizo. Nikaiangalia kanda kwenye mwanga: laini, haina mkunjo. Ndipo nikaingiza ile ya asili.

Gauni la msimamizi wa bibi arusi lilikuwa la rangi ya machungwa. Kwenye nakala ya Bruxelles lilionekana la kahawia, na dada alikuwa ameniambia ni la kahawia.

Kilichobaki kusumbua

Umeme kwanza. Ukikatika wakati kanda imezungushwa kwenye ngoma, deki inabaki imeshika kanda nje ya kaseti yake, na umeme ukirudi kwa kishindo baadhi ya mashine huanza kuivuta kabla haijajua iko wapi. Kwa hiyo deki na kompyuta nilivilisha kutoka kwenye betri ya gari na inveta, hata wakati umeme ulikuwapo.

Pili, picha bila TBC ilipinda juu kabisa. Paa la kanisa lilikuwa na kona kama kofia iliyovaliwa upande. Sikuwa na TBC ya SECAM na wala sikuitafuta. Nilipitisha ishara ndani ya rekoda ya DVD iliyouzwa Ufaransa, inayopokea SECAM, bila kurikodi chochote kwenye diski, iingie na kutoka tu. Baadhi ya rekoda hizo hupanga mistari upya zinapoigeuza picha kuwa namba, na hiyo yangu ilininyoshea paa. Haikuwa safi kama ambavyo deki yangu ya dola 90 ingefanya kwa kanda ya PAL. Nilikubali.

Tatu, sauti, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Sauti ya mono ya VHS imeandikwa kwenye ukingo wa kanda, mstari mwembamba unaosomwa na kichwa kisichozunguka. Kichwa hicho kikiwa kimeinama hata kidogo tofauti na kile cha kamera iliyorikodi, herufi kali zinapotea na kila mtu anazungumza kama ana mkate mdomoni. Babu alisikika hivyo. Kuna skrubu ya kurekebisha mwinamo huo. Mafundi wengi watakuambia usiiguse, na kwa kawaida nami nasema hivyo, kwa sababu ukiipoteza nafasi yake ya kiwandani umeharibu deki ya mtu. Niliweka alama ya rangi ya kucha ya mke wangu kwenye skrubu na kwenye bati, nikavaa spika za masikioni, nikazungusha kidogo, chini ya robo ya mzunguko, huku babu anaongea. Ghafla konsonanti zikafunguka. Nilirikodi mara mbili, nikairudisha skrubu kwenye alama.

Usifanye hivyo kama hujui skrubu ni ipi. Ziko tatu au nne pale na nyingine zinapandisha na kushusha kichwa chote, na hapo picha nayo inapotea njia.

Kaseti nne zilizobaki nazitaja kwa haraka. Moja ilitoka kwa ndugu aliye Montréal: T-120 (ya saa mbili kwa mwendo wa kawaida), NTSC, iliyorikodiwa kwa mwendo wa polepole zaidi, ule wa saa sita kwa kaseti moja. Deki yangu nzuri iliisoma, lakini deki nyingi za PAL hutoa NTSC kwa namna ya kati na kati, ambayo televisheni inaikubali na kifaa cha kunasa kinaikataa. Mpangilio wa deki ukiwa na chaguo la NTSC 4.43, lijaribu kabla ya kulaumu kanda. Mbili zilikuwa kaseti ndogo za VHS-C. Zinaingia kwenye adapta, na adapta inaingia kwenye deki yoyote. Ya mwisho ilikuwa ya milimita 8, na dada aliniomba niinunulie adapta pia. Adapta hiyo haipo. Kanda ya milimita 8 na ya VHS hazina upana mmoja wala mfumo mmoja, na anayekuuzia adapta ya kuziunganisha anakuuzia plastiki. Hiyo inasubiri kamera yake.

Kuhusu gharama: dola 5 za deki mbovu, alkoholi, na mshahara wangu ambao sikuuhesabu vizuri. Kama ningeambiwa siku ya kwanza kutafuta deki "bora zaidi" kwa kazi hii, ningetaja ile ambayo haikuweza kuionyesha rangi hata dakika moja.

Deki ya Mzee ilirudi Muhumba siku ya tisa, inacheza. Aliichomeka mbele yangu, akatafuta kaseti yake ya mazoezi ya kwaya, akaangalia dakika mbili, akazima, akatandika kitambaa na kurudisha televisheni juu yake.

Kaseti ya asili nilimrudishia dada ikiwa imerudishwa mwanzo, ndani ya jalada jipya, isimame wima kabatini mbali na ukuta wa nje, na nikamwambia asiitupe hata kama faili liko kwenye flashi. Shangazi alifika mwezi wa saba. Sikuwapo, lakini nilipigiwa simu jioni ileile, na nyuma ya sauti ya dada nilisikia watu wengi wanacheka na wengine hawacheki.

Babu, kwenye hotuba yake, anawashukuru wakwe kwa mahari. Anahesabu ng'ombe kwa vidole, kwa Kimashi, mmoja mmoja, na anaishia wa nane. Kwa zaidi ya miaka ishirini upande wa mama umekuwa ukisema waliletwa saba na mmoja bado. Shangazi, ambaye ni wa upande wa baba, alikuwepo siku ile akasikia nane, na tangu studio ilipomwaga rumba hakuna aliyemwamini.

Dada aliniomba flashi ya pili, ya kupeleka upande wa mama. Akasema shangazi amesisitiza nisikate hata sekunde moja ya pale kwenye vidole.